Kisomeo Chenye Taa Hupimwa Gizani

Ukionyeshwa kisomeo cha vitabu dukani, mchana kweupe, chini ya taa kali za dari, ni rahisi kukipenda. Ukurasa ni mweupe, herufi zimekolea, kifaa chenyewe chepesi mkononi. Lakini ile taa iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo iliyokufanya ukitamani, mahali hapo haina kazi. Kila anayeniuliza kuhusu vifaa hivi humshauri jambo moja kabla hajatoa fedha: aombe kukiwasha penye giza, hata kama ni stoo ya duka. Dosari nyingi za kisomeo hujificha kwenye mwanga.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha simu au kishikwambi hutoa mwanga na kuuelekeza moja kwa moja machoni. Kisomeo hutumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyochipuka katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuzaa kampuni ya E Ink mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno, kila kimoja upana wake ukikaribia ule wa unywele. Katika kila kifuko kuna chembe nyeupe zenye chaji chanya na chembe nyeusi zenye chaji hasi, zikielea ndani ya kimiminika. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda na za rangi nyingine huzama, na hivyo ndivyo herufi inavyochorwa. Umeme ukikatwa, herufi hubaki palepale. Kwa hiyo unaweza kuutafakari ukurasa mmoja nusu saa bila wino huo kugusa betri. Wino hula betri pale unapofungua ukurasa mwingine.

Wino huo hauna mwanga wake. Husomeka kama gazeti: barazani penye jua unang'aa, magharibi ikiingia unafifia. Kindle ya kwanza ya Amazon, iliyotoka mwaka 2007, ilihitaji taa ya chumbani sawa na kitabu cha karatasi. Mwaka 2012 ndipo mambo yalipobadilika. Barnes & Noble walitoa Nook yenye taa, kisha Amazon wakaleta Kindle Paperwhite na Kobo wakaleta Kobo Glo. Katika Paperwhite hiyo, vijitaa 4 vya LED vilipangwa kwenye ukingo wa chini. Mwanga wake hupita ubavuni ndani ya utando mwembamba wa plastiki uliotandazwa juu ya kioo, nao utando una alama ndogondogo zinazouinamisha mwanga ushuke kwenye ukurasa. Mwanga hugonga ukurasa, ndipo urudi machoni mwako.

Hapo ndipo penye uzuri wa kifaa hiki, na ndipo penye udhaifu wake. Kuusambaza mwanga kutoka ukingoni hadi kila pembe ya ukurasa ni kazi ngumu. Paperwhite ya mwaka 2012 ilikuwa na vivuli upande wa chini, karibu na vijitaa, na Amazon wenyewe walikiri kwamba mwanga wa sehemu hiyo haukuwa sawasawa. Vifaa vilivyofuata viliongezewa vijitaa. Paperwhite ya mwaka 2021 ina 17. Hata hivyo, nimeona visomeo viwili vya toleo moja vikitofautiana: kimoja safi, kingine kikiwa na doa la njano pembeni. Usinunue jina la toleo tu. Kikague kile kile utakachoondoka nacho.

Ukiwa gizani, pima mambo matatu. Kwanza, fungua ukurasa usio na maandishi mengi uangalie kama weupe ni mmoja kutoka juu hadi chini. Pili, shusha mwanga hadi kiwango cha mwisho. Wanunuzi wengi hushindana kutafuta taa kali, ilhali msomaji wa usiku wa manane, aliyelala chumba kimoja na mtoto au mwenzi wake, anahitaji taa inayoweza kunong'ona. Tatu, tazama rangi. Taa za mwanzo zilikuwa na weupe wa kuelekea samawati. Visomeo vingi vya sasa vinakuwezesha kuugeuza mwanga uwe wa manjano, kama wa kibatari. Ukisoma sana kabla ya kulala, uwezo huo una thamani kuliko mapambo mengine yote.

Je, ni kweli kwamba mwanga huu hauumizi macho? Hapa wauzaji hutia chumvi. Mwanga ukishaakisiwa na ukurasa bado ni mwanga, nao huingia machoni. Nafuu ipo kwenye kiasi: ukurasa unaweza kulinganishwa na mwanga wa chumba, usiwe mwezi mpevu katikati ya giza. Ukiupandisha hadi mwisho chini ya chandarua, macho yatachoka vilevile.

Betri nayo isomwe kwa hesabu. Paperwhite ya kwanza ilitangazwa kuwa inakaa na chaji wiki 8, lakini kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku huku intaneti ikiwa imezimwa. Hiyo ni saa 28. Msomaji wa saa tatu kila usiku atamaliza chaji hiyo kwa siku tisa hivi. Hata hizo siku tisa, penye umeme wa kukatikakatika, hakuna simu inayozifikia. Sifa hiyo ni ya kweli. Tarakimu tu ndiyo imevishwa nguo ya sikukuu.

Udhaifu mkubwa zaidi hauhusiani na taa. Wanafunzi wengi wa vyuo hukitamani kisomeo kwa ajili ya vitini vya PDF. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, na kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Herufi ya ukubwa wa 12 inapungua hadi kama ya 5, na kila ukiikuza unaanza kusukuma ukurasa huku na huko, wakati wino huu ni mzito kubadilika na huacha vivuli vya maandishi yaliyotangulia. Kwa riwaya, wasifu na hadithi, ambazo maneno yake hujipanga upya kufuata ukubwa wa herufi uliouchagua, kisomeo hakina mpinzani. Kwa PDF, majedwali na michoro ya rangi, kishikwambi kitakufaa zaidi.

Msomaji wa Kiswahili ana jambo lake la kuangalia. Raha mojawapo ya kisomeo ni kugusa neno na kupata maana yake papo hapo, lakini kamusi nyingi hutafuta neno kama lilivyoandikwa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi mbele na nyuma: ukigusa "walipotuandikia", kamusi isiyojua kuvua viambishi hivyo haitalifikia "andika". Kwa hiyo ukiweka kamusi ya Kiswahili, ijaribu kwa vitenzi vilivyonyambuliwa, usitosheke na majina. Hakikisha pia kwamba kifaa kinapokea faili za EPUB, maana ndizo utakazozikuta katika hazina huru kama African Storybook, yenye hadithi za watoto kwa Kiswahili.

Hukumu yangu ni hii. Kama husomi vitabu, taa hii haitakufanya msomaji, na fedha yako iende kwingine. Kama unasomea mitihani kwa vitini, nunua kishikwambi. Lakini kama wewe ni mtu wa kitabu kirefu, na saa yako ya kusoma ni ile nyumba nzima ikishalala, kisomeo chenye taa iliyotulia ni miongoni mwa vifaa vichache vya umeme vinavyofanya kazi moja na kuifanya vizuri. Kipime gizani, taa ikiwa chini kabisa. Kikikupendeza hapo, mchana hakitakuangusha.