Dogo Kamwaga Uji: Utampiga?

Mama yuko sokoni. Umeachiwa mdogo wako wa miaka miwili, na kesho una mtihani wa Baiolojia. Unafungua daftari tu, mara puu! Kikombe cha uji chote kiko juu ya daftari. Hasira zinapanda, mkono unanyanyuka. Ngoja kwanza!

Je, dogo amefanya makusudi? La. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Yeye wa miaka miwili hugusa vitu ili avijue. Ukimchapa atalia na kukuogopa, lakini hatajua kikombe kinashikwaje. Atajifunza tu kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga. Usishangae kesho akimpiga mtoto wa jirani.

Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema adhabu haikubaliki ikiwa mtoto ni mdogo mno kuelewa sababu yake.

Na mtoto mchanga je? Huyo usimtikise kamwe, hata akilia usiku kucha. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Ukimtikisa, mishipa ya damu kichwani inaweza kupasuka, akapofuka, akapooza au akafa. Ukiona uvumilivu umekwisha, mlaze chali mahali salama, toka dakika chache, pumua, kisha mwite mtu mzima akusaidie.

Sasa ufanyeje na dogo?

• Weka mbali daftari, kisu, kiberiti na chai ya moto kabla hajavifikia.
• Mwambie la kufanya. "Shika kwa mikono miwili" ni bora kuliko "Acha!"
• Akifanya vizuri, msifu palepale.
• Akimpiga mwenzake, mtoe mchezoni dakika moja au mbili, umweleze kwa maneno machache kwa nini.
• Usiyumbe. Leo ukikataza na kesho ukacheka, atakuelewaje?

Utasema, "Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi." Kweli kabisa. Ila walisema mkunje, hawakusema mvunje!

Haya, chukua kitambaa ufute uji. Dogo naye mpe chake, mfute pamoja. Hapo ndipo anapoanza kujifunza.