Titi Likiuma, Mwone Muuguzi Mapema

Akina mama wengi wanaojifungua Thika na Ruiru hurudi nyumbani kabla maziwa hayajajaa vizuri. Kwa kawaida hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na hapo ndipo shida huanza: titi huwa gumu, chuchu hupasuka, mtoto hulia na majirani hushauri apewe maji ya glukosi kwa kuwa eti maziwa hayatoshi. Mtoto aliyejazwa maji hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Uvumi wa maziwa machache hugeuka kuwa kweli.

Mara nyingi tatizo ni jinsi mtoto anavyoshika titi. Anayevuta ncha ya chuchu pekee humuumiza mama, naye hashibi. Mdomo unapaswa kufunguka wazi, kidevu kiguse titi na sehemu kubwa ya duara jeusi iingie mdomoni. Ni vigumu kurekebisha hayo kwa maelezo ya simu. Muuguzi anahitaji kumwona mtoto akinyonya. Kwa hivyo mama aende naye kliniki, abebe na kijitabu cha mama na mtoto. Kliniki hizo ziko katika hospitali za Thika Level 5 na Ruiru Level 4, na pia katika vituo vya afya mitaani. Asiyejua pa kuanzia amuulize mhudumu wa afya ya jamii.

Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Akikojoa kidogo, au akilala mno hata hataki kunyonya, apelekwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mama mwenye homa na titi jekundu lenye maumivu. Asiache kunyonyesha akisubiri matibabu, kwani maziwa yakikwama hali huzidi.

Kwa wafanyakazi wa viwandani na mashambani, likizo ya uzazi ni miezi 3, ilhali mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua, na kumpa mama muda wa kufanya hivyo mbali na ule wa chakula. Muuguzi humfundisha mama kukamua kwa mkono na kuhifadhi maziwa. Ni vyema aombe somo hilo wiki kadhaa kabla ya kurudi kazini.