Kisha operesheni ya fistula, bwana naye aitwe

Mama akirudi Mitwaba kisha operesheni ya fistula, jirani wanauliza tu kama mkojo umekatika. Mambo ya kitanda, hakuna mwenye kuuliza. Lakini pale njo kuko shida. Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, uchungu wa kuzaa ukikawia sana. Hata Panzi ya Bukavu, kwa Daktari Mukwege, wanaitengeneza. Waganga wanaomba miezi 3 bila kulala na bwana, juu kidonda kinaweza kufunguka tena. Kisha pale, kovu inaweza kukaza na kuuma. Wengine mkojo unatoka wakikohoa. Muke akisema "mganga amekataza", sisi wanaume wa machimbo tunazania ni kisingizio. Siku ya kutoka hospitali, mganga amwite bwana pia, amwambie mwenyewe.