Niambie Nisome Nini Likizo Hii

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, mitihani imekwisha na walimu wako ofisini wanajaza ripoti. Darasani hakuna kipindi. Wengine wanapiga soga, wengine wanafunga madaftari. Wakati huo mzuri mno msiupoteze bure, wanangu. Geukeni kwa wenzenu muwaulize: wewe ulisoma kitabu gani kikakunyima usingizi?

Mwalimu akikuambia kitabu fulani ni kizuri, utaitikia "ndiyo, mwalimu," na kitabu kitabaki kabatini. Lakini jirani yako wa dawatini akikuambia, "Kuna mtu humu, kila usiku anawachapa manyani wawili, akimaliza anawabembeleza," utamuuliza, "Kwa nini?" Naye akijibu, "Kasome," basi ameshakunasa.

Manyani hao wamo katika *Adili na Nduguze*, kitabu cha Shaaban Robert wa Tanga kilichotoka mwaka 1952. Anayewachapa ni Adili mwenyewe, mtawala wa Janibu, tena mtu mwema. Mjumbe wa Mfalme Rai aliyetumwa kukusanya kodi akayaona mambo hayo usiku, akarudi nayo kwa mfalme, na Adili akaitwa ajieleze. Naishia hapo. Manyani hao ni akina nani nawajua, ila nikiwaambia nitakuwa nimewaibia utamu wote.

Hiyo ndiyo adabu kubwa ya kumpendekezea mwenzako kitabu: onjesha, usipakue chungu kizima. Mwanafunzi anayesimulia mpaka mwisho hudhani amefanya hisani, kumbe amekiua kitabu. Tena msiseme tu "kizuri sana." Neno hilo halimwambii mtu kitu. Sema ni ukurasa gani uliokufanya usisikie ulipoitwa kwenda kula.

Kabla ya kusema lolote, mjue unayesema naye. Kama mwenzako anapenda mafumbo na upelelezi, mpeleke Unguja kwa Bwana Msa. Huyo ni mpelelezi mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, ambaye mwenyewe alikuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*. Riwaya yake ya kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Tajiri mmoja anakutwa ameuawa kwenye mzimu wa kale, na mwili hauna kichwa. Watu wanasema ni kazi ya mizimu. Bwana Msa hasemi hivyo. Anauliza maswali madogo madogo ambayo msomaji huyapita bila kuyatilia maanani, kisha baadaye anayafungua moja baada ya jingine. Nawashauri msome huku mna karatasi pembeni, muandike mnamshuku nani. Wawili mkisoma kwa wakati mmoja, kila mmoja na karatasi yake, likizo itakwenda mbio.

Mwenzako anayependa safari, hasa yule mwenye swali moyoni kuhusu nyumbani kwao, mpe *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kijana anaitwa Kongowea Mswahili. Analelewa Tanga na mama mwimbaji, na baba yake hamjui. Mama anapofariki, kijana anaanza safari ndefu ya kumtafuta huyo baba, safari inayovuka mpaka na kumpeleka upande wa Kitale, Kenya. Kwangu mimi hiki ni miongoni mwa vitabu bora kabisa vya kumpa mtu wa miaka 14 au 15, kwa sababu Kongowea anaonewa lakini hasimami kujihurumia, na Kiswahili chake ni kitamu. Walibora alifariki mwaka 2020, na wasomaji wengi wa Kenya bado wanamkumbuka kwanza kwa kitabu hiki.

Mkiwa wakweli, waelezeni wenzenu na ugumu pia. Shaaban Robert ana maneno ambayo hatuyasikii sokoni wala kwenye daladala. *Kusadikika*, kwa mfano, ni hadithi ya nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na kujitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na juu na chini. Kisa kinavuta, lakini kurasa za mwanzo zinataka subira na kamusi. Mwambie rafiki yako hivyo mapema: "Vumilia kidogo, kesi ikianza hutakiweka chini." Asipoambiwa, atadhani kosa ni lake, akiache.

Vitabu kama *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi ni vya kaka na dada zenu wa sekondari za juu. Msivikimbilie.

Sasa, mtavipata wapi? Maktaba za mikoa ziko Tanzania, na Kenya wanazo za kaunti na za taifa. Ile Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na wanafunzi wanakaribishwa. Na asiye na maktaba karibu ana wenzake. Kitabu kimoja kinawatosha wawili likizo nzima: mmoja akae nacho nusu ya kwanza, mwingine nusu ya pili. Kifungeni jalada la gazeti kisichakae, na msikunje ncha za kurasa.

Basi kabla kengele ya mwisho haijalia, kila mmoja wenu amtafute mwenzake mmoja, amtajie kitabu kimoja, na amwambie pale alipokwama asiweze kukiweka chini. Kisha naye amuulize: na wewe, unanipa kipi?