Simba akiondoka mwili hutulia, deni haliondoki: Njia tano za kupunguza msongo wa mawazo

Asubuhi mjini Koboko huanza na hesabu. Dereva wa bodaboda huhesabu pesa ya mwenye pikipiki kabla ya kuhesabu ya mafuta. Mama anayeuza samaki wakavu hutazama barabara ya Oraba na kujiuliza kama wateja kutoka Sudan Kusini watafika. Kule Arua, mwalimu anayefundisha watoto wa wenzake huwaza karo ya watoto wake, naye mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Vurra kwenda Ariwara, upande wa Kongo, huwaza kama mzigo utapita. Jioni wote hurudi nyumbani wamechoka, lakini usingizi hauji.

Huo ndio msongo wa mawazo. Wengi huuita presha, ingawa presha ya damu ni ugonjwa wenye vipimo na dawa zake. Mtu akikabiliwa na hatari, mwili humwaga homoni, moyo hupiga haraka na misuli hukaza ili apigane au akimbie. Simba akiondoka, mwili hutulia. Lakini deni haliondoki, wala karo. Mwili hubaki umekaza siku baada ya siku, na matokeo yake ni maumivu ya kichwa na mgongo, tumbo kuvurugika, kukosa usingizi na kugombeza watoto kwa jambo dogo.

Dawa ya jambo hili haikuhitaji kutafutwa mbali. Mojawapo ya majaribio yanayojulikana duniani kuhusu kupunguza msongo lilifanyika Rhino Camp, makazi ya wakimbizi yaliyo mashariki mwa Arua, kuelekea Mto Nile. Baada ya vita kuzuka upya Sudan Kusini mwaka 2016, maelfu kwa maelfu ya watu waliingia West Nile. Hakukuwa na madaktari wa akili wa kutosha kumsikiliza kila mmoja peke yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeandaa mafunzo ya makundi ya watu 20 hadi 30: vikao vitano vya saa mbili kila kimoja, sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha ambacho hata asiyejua kusoma anaweza kukifuata. Waliosimamia vikao hawakuwa madaktari, bali wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Wakimbizi wanawake 694 kutoka vijiji 14 vya makazi hayo walishiriki katika utafiti. Nusu ya vijiji vilipata mafunzo, na vingine vikapata ushauri wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: waliopata mafunzo walipungukiwa na mzigo wa mawazo kuliko wenzao. Miezi mitatu baadaye tofauti ilikuwa imepungua, lakini haikuisha.

Mafunzo hayo yana mambo matano ambayo mtu yeyote sokoni, ofisini au stendi ya bodaboda anaweza kuyajaribu.

La kwanza ni kurudisha akili mahali ulipo. Mawazo yakikuzidi, kanyaga ardhi kwa nguvu, nyoosha mikono, toa pumzi polepole. Kisha taja moyoni vitu vitatu unavyoviona na viwili unavyovisikia. Deni litakuwa palepale, lakini wewe utakuwa umerudi kwenye meza yako na mteja aliye mbele yako.

La pili ni kujinasua kutoka katika wazo. Wazo kama “nimeshindwa maisha” hunasa kama ndoano ya mvuvi. Badala ya kubishana nalo, litambue na ulitaje: “Hili ni wazo la kushindwa, limekuja tena.” Kisha rudi kwenye kazi ya mikono yako.

La tatu ni kutenda kulingana na unachokithamini. Mtu anayetaka kuwa mzazi mwema hawezi kungoja mpaka pesa zipatikane. Kumsikiliza mtoto dakika 10 jioni hakuna gharama. Chagua tendo moja dogo la wiki hii, ulifanye.

La nne ni upole, kwa wengine na kwako mwenyewe. Maneno ambayo watu hujiambia wakikosea, wengi wao wasingethubutu kumwambia jirani. Jisemeshe kama unavyomsemesha ndugu aliyefiwa.

La tano ni kuyapa machungu nafasi. Mvua ya Agosti mjini Arua haizuiliwi kwa hasira. Mwenye kibanda hufunika bidhaa zake, hukaa kando, na ikipungua huendelea kuuza. Huzuni na hofu nazo huja na kupita. Anayezifukuza kwa waragi hulala haraka, lakini usingizi wake hukatika usiku wa manane, na asubuhi deni limeongezeka kwa bei ya chupa.

Lazima isemwe wazi kwamba pumzi ndefu haijazi sufuria. Mwezi Aprili 2020, mgawo wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na hakuna zoezi la kupumua lililoweza kuurudisha. Njaa inataka chakula, na mke anayepigwa anataka ulinzi. Kazi ya njia hizi ni kumwachia mtu nguvu ya kuamka, kupanga na kudai haki yake, badala ya nguvu hiyo kuliwa na mawazo usiku.

Zipo pia hali zinazozidi njia hizi. Anayewaza kujiua, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyeshindwa kula na kufanya kazi kwa wiki mbili au zaidi, apelekwe kituo cha afya mapema. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Kwenda huko si aibu, na haina maana kwamba mtu amerogwa.

Kilichosaidia Rhino Camp kilipitia kwenye kundi: wanawake wa kijiji kimoja walikaa pamoja, wakasikia kwamba usingizi haukumkimbia mmoja tu. Arua na Koboko hazina upungufu wa makundi. Kuna vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya bodaboda, makundi ya msikitini na kanisani. Wanachama wanakutana tayari kuhesabu pesa. Robo saa ya kwanza, kabla sanduku halijafunguliwa, inatosha kuulizana: “Wiki hii umelalaje?”