Mtaji wa Bao na Mtaji wa Karafuu

Neno "mtaji" lina makazi mawili katika lugha yetu. Makazi ya kwanza ni dukani, ambako maana yake ni fedha au mali ya kuanzia biashara. Makazi ya pili ni barazani, penye mchezo wa bao, na huko lina maana nyingine, iliyo finyu zaidi na sahihi zaidi. Makusudio ya makala haya ni kuieleza maana hiyo ya pili kwa kanuni za mchezo wenyewe, kisha kuonyesha jinsi inavyotusaidia kufahamu habari za karafuu, zao ambalo kwa muda mrefu lilikuwa tegemeo la Unguja na Pemba.

Bao la Kiswahili huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye mashimo 32, yaani mistari minne ya mashimo manane manane. Kila mchezaji ana mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Kete ni 64, na kwa desturi ni komwe. Kila mmoja huanza na 32. Mwanzoni huwekwa ubaoni kete 10 tu za kila upande: 6 katika nyumba, iliyo mstari wa mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwake. Zilizobaki, 22, ni akiba.

Hapo huanza sehemu ya kwanza, iitwayo namua. Katika mazungumzo ya kawaida, kunamua ni kukitoa kitu kilichonaswa. Katika bao, kila zamu mchezaji huitoa kete moja katika akiba na kuitia katika shimo la mstari wa mbele lenye kete. Ikiwa shimo la mwenziwe linalolikabili nalo lina kete, huzila na kuzigawa moja moja upande wake, akianzia kichwani. Akikosa cha kula hutakata, yaani hugawa kete zake mwenyewe pasipo kupata kitu. Kosa la zamu hii laweza kurekebishwa kwa kete ya zamu ijayo. Lakini akiba hupungua kwa moja kila zamu, na baada ya zamu 22 za kila mmoja imekwisha.

Ndipo huja sehemu ya pili, nayo huitwa mtaji. Sasa hakuna cha kuongezwa. Mchezaji huchota kete za shimo moja, zisizopungua mbili, na kuzigawa kwa hesabu, ili ya mwisho iangukie shimo la mbele lenye kete, linalokabiliana na shimo la mwenziwe lenye kete. Mwanzo wa namna hiyo, uletao kula, ndio mtaji. Basi asemaye "sina mtaji" hasemi kwamba hana kete. Huenda anazo nyingi. Anachokosa ni njia ya kuzianzisha zimletee faida. Tena, ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu ameshindwa, hata kama wa nyuma umejaa.

Twaona basi kwamba bao limetenga mambo matatu ambayo lugha ya dukani mara nyingi huyachanganya: akiba, wingi wa mali, na mtaji. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kutoa kitabu chake mwaka 1995, alishughulika na mipaka ya akili katika mchezo huu. Sisi wa lugha tuna haki ya kuuliza juu ya usahihi wa istilahi zake.

Sasa tuitazame karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa mavuno mengi zaidi. Katika karne ya 20 Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa, kwa ajili ya sigara zake zitiwazo karafuu. Nchi hiyo ikapanda mikarafuu yake, na kufikia miaka ya 1980 haja yake ya karafuu za nje ilikuwa imepungua sana, bei ikaanguka. Mashamba yalikuwapo, wachumaji walikuwapo, na ghala zilikuwapo. Kwa lugha ya dukani, mali ilikuwapo. Kwa lugha ya bao, mstari wa nyuma ulikuwa na kete, lakini wa mbele haukuwa na pa kulia. Kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka hiyo, chaweza kuitwa mtaji kwa maana kamili ya barazani: mwanzo mpya uletao kitu.

Mfano huu una mpaka wake. Kete za bao haziongezeki zaidi ya 64, ilhali mkarafuu hupandwa ukaota. Hata hivyo tofauti hiyo haiharibu hoja, kwani mti uliopandwa leo hauzai mpaka miaka kadhaa ipite, na katika muda huo mkulima hucheza kwa alichonacho ubaoni.

Watungaji wa kamusi wasitosheke kuandika mbele ya namua, takata na mtaji kwamba ni "neno la mchezo wa bao". Maneno haya yana kanuni, na kanuni ndiyo maana yake. Ikiachwa nje ya kamusi, itabaki vinywani mwa mafundi tu, na mafundi hawadumu. Nao wanaotafuta istilahi za uchumi wangepita kwanza barazani kabla ya kuunda maneno mapya.