Njia za Kuzuia Boti Ndogo ya Jeti Isiruke Kama Pomboo

Milima ya Uluguru huwapa wakazi wa Bigwa mashamba na migomba, lakini maji yake hayaishii Bigwa. Mito ya Ngerengere, Ruvu na Mgeta huanzia milimani humo, na mkoa huohuo wa Morogoro una mabonde ya Wami na Kilombero. Wakati wa kiangazi kina cha mito ya namna hii hupungua na mafungu ya mchanga hujitokeza. Rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, hugonga chini ikavunjika. Ndiyo maana chama cha wavuvi au cha usafirishaji chaweza kuvutiwa na boti ya jeti, ambayo haina rafadha chini yake.

Katika boti hiyo, pampu iliyomo ndani huvuta maji kupitia kinywa kilicho chini karibu na tezi, kisha huyarusha nyuma kwa nguvu, na boti ikaenda mbele. Bill Hamilton wa Nyuzilandi aliistawisha mitambo ya aina hii katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito mifupi ya kina ya nchi yake. Mwaka 1974 na 1975, msafara ulioongozwa na John Blashford-Snell wa Uingereza ulitumia boti za jeti katika Mto Kongo, ambao wakati huo uliitwa Zaire.

Hata hivyo, boti hizi zina maradhi yake. Zikifikia mwendo mkali, omo huinuka, huanguka, kisha huinuka tena bila kukoma, hata kama maji ni shwari. Mwendo huo hufanana na ule wa pomboo baharini. Abiria huweza kutupwa nje, mizigo huharibika, na nahodha hushindwa kuona mbele.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mkazi wa Bigwa amepata kuona baiskeli iliyobebeshwa mikungu ya ndizi nyuma ikisukumwa mlimani: gurudumu la mbele huwa jepesi na hutaka kuinuka. Boti ya jeti nayo hubeba injini na pampu upande wa tezi. Ikienda kasi, hupanda juu ya maji na kukalia sehemu ndogo tu ya kitako chake. Mwaka 1964 mhandisi Daniel Savitsky wa Marekani alichapisha maelezo kwamba, kwa uzito na mwendo fulani, upo mpaka wa kuinuka kwa omo. Mpaka huo ukipitwa, boti huanza kuruka. Basi kila dawa ifaayo ni ile ishushayo omo kwa kiasi.

Dawa ya papo hapo ni kupunguza mwendo, polepole. Nahodha asikate mafuta ghafla, kwa kuwa wimbi la nyuma huweza kuingia kwenye tezi. Tena boti ya jeti isiyorusha maji haina usukani.

Dawa ya pili ni kuhamisha uzito, nayo haigharimu kitu. Tuchukue mfano wa boti ambayo uzito wake wote ni kilo 900. Tangi la mafuta lenye uzito wa kilo 60 likisogezwa mbele mita 1.5, kitovu cha uzito wa boti nzima husogea mbele sentimita 10. Betri, nanga na abiria huweza kupangwa vivyo hivyo kabla ya kuondoka. Aidha, maji ya ngama yatolewe, maana omo ikiinuka maji hayo hukimbilia tezi na kuzidisha ubaya.

Dawa ya tatu ni kukagua kitako. Boti ipinduliwe au iinuliwe, kisha ubao ulionyooka ulazwe chini yake, kutoka katikati hadi tezi. Kitako kilichobenuka nje kuelekea tezi huinua omo. Kasoro hiyo hurekebishwa na fundi wa boti. Kununua injini nyingine hakuiondoi.

Dawa ya nne ni kubadili kidogo pembe ya mdomo wa pampu, ikiwa mtambo unaruhusu. Maji yakirushwa nyuma na chini kidogo, tezi huinuka na omo hushuka. Dawa ya tano ni kufunga kabari au vibawa vya chuma kwenye ukingo wa tezi, pande zote mbili. Visiwekwe mbele ya kinywa cha pampu, kwa sababu huchafua mkondo wa maji na kuingiza hewa.

Dawa zote hizi zina kipimo chake. Omo ikishushwa kupita kiasi huchimba maji, nayo boti huweza kugeuka ghafla upande mmoja. Kabari nazo hula mafuta kwa kuongeza ukinzani.

Kwa hiyo yafaa bodi ya chama isiidhinishe malipo ya vibawa, sembuse injini mpya, kabla katibu hajapokea taarifa ya majaribio ya dawa zisizo na gharama. Majaribio yafanyike mahali penye kina na maji matulivu, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Libadilishwe jambo moja tu kila mara, na daftari lionyeshe uzito, mahali pa mizigo na mwendo ambao boti ilianza kuruka. Mambo mawili yakibadilishwa pamoja, hakuna atakayejua lipi lililoponya, na wanachama watalipia yote mawili.

Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chama kianze ngamani, kwa kutoa maji na kupanga mizigo, kabla ya kufungua kasha la fedha.